Kukomaa na Kuiva: Mafunzo ya Biashara ya Parachichi katika Bandari ya Kilindini

Parachichi hukomaa mtini lakini haliivi mpaka lichumwe. Kiswahili kimeyatenga maneno hayo mawili, kukomaa na kuiva, na biashara yote ya kuuza tunda hili ng'ambo inasimama juu ya tofauti hiyo. Tunda lililokomaa, hata likichumwa gumu kama jiwe, litalainika baada ya siku kadhaa na kuwa na mafuta na ladha yake. Lililochumwa changa haliivi kamwe: husinyaa, ganda hukunjamana, na nyama yake huwa kama mpira. Muda ulio kati ya kukomaa na kuiva ndio unaoliwezesha tunda kupanda lori, kuingia kontena, kuvuka bahari na kufika mezani kwa mtu wa nchi ya mbali.

Maelezo yanayofuata yametokana na kumbukumbu za misimu kadhaa ya kazi ya ukarani wa mizigo ya baridi, kazi iliyofanywa na mkazi wa Timbwani, Likoni. Timbwani yenyewe si nchi ya parachichi. Ardhi yake ni ya minazi, miembe na mihogo. Lakini meli zinazotoka Kilindini hupita katika mlango wa bahari ulio kati ya Likoni na kisiwa cha Mombasa, na kwa hiyo karibu kila parachichi la Kenya linalosafiri kwa bahari hupita mbele ya macho ya wakazi wa ng'ambo hii ya kusini. Mtu aliyeketi ufuoni wakati wa magharibi huweza kuyatambua makontena ya baridi kwa weupe wake na kwa mashine iliyo upande mmoja. Mambo yaliyomo ndani yake ndiyo yanayoelezwa hapa, tangu mtini hadi kwenye karatasi ya hesabu.

Tunda na aina zake

Mparachichi, uitwao na wataalamu Persea americana, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Waazteki waliliita tunda hilo ahuacatl, na Wahispania wakalitamka aguacate. Peru na Chile huliita palta, neno lililotoka kwa Wakechua. Pwani ya Kenya wazee walilijua kwa jina la pea au embe mafuta. Leo, sokoni Kongowea na kivukoni Likoni, neno linalosikika zaidi ni avokado.

Aina mbili ndizo zinazobeba biashara ya Kenya. Fuerte ilitokana na vikonyo vya kupandikiza vilivyopelekwa California kutoka Atlixco, Meksiko, mwaka 1911. Miti yake ilipookoka baridi kali ya mwaka 1913 ikapewa jina hilo ambalo kwa Kihispania maana yake ni imara. Hass ilitokana na mti mmoja wa Rudolph Hass, tarishi wa California aliyeupatia hataza mwaka 1935. Fuerte ina ganda jembamba na laini ambalo hubaki kijani hata tunda likiiva. Hass ina ganda nene lenye vipele, nalo hugeuka kutoka kijani kuwa zambarau iliyokolea hadi karibu na weusi. Kwa msafirishaji tofauti hii ni kubwa. Ganda la Hass hustahimili safari ndefu na huficha mikwaruzo, na rangi yake humwambia mnunuzi kwamba tunda liko tayari. Ndiyo maana Ulaya hupendelea Hass, na Fuerte hupata nafasi zaidi katika masoko ya karibu, hasa nchi za Ghuba.

Mahali linakotoka

Mashamba ya parachichi ya Kenya yako nyanda za juu: Murang'a, Kiambu, Kirinyaga, Nyeri, Embu, Meru, Kisii, Nyamira, Nakuru na Uasin Gishu. Karibu na Pwani, milima ya Taita nayo hutoa matunda. Baadhi ya maparachichi ya Tanzania, kutoka Njombe, Rungwe na Kilimanjaro, nayo yamekuwa yakipitia Mombasa. Yako mashamba makubwa, kama yale ya kampuni ya Kakuzi iliyoko Makuyu, Murang'a. Lakini sehemu kubwa ya mavuno hutoka kwa wakulima wadogo wenye miti 10, 20 au 50 kando ya kahawa, mahindi na zizi la ng'ombe.

Hapo ndipo Kenya inapotofautiana na Peru, nchi inayoongoza Amerika Kusini kwa kuuza parachichi ng'ambo na iliyo nyuma ya Meksiko pekee duniani. Peru imelima sehemu kubwa ya maparachichi yake katika jangwa la pwani, kwa maji yanayoletwa na miradi mikubwa ya umwagiliaji kama Chavimochic katika jimbo la La Libertad na Olmos katika Lambayeque. Shamba moja huweza kuwa na mamia ya hekta za mti wa aina moja, uliopandwa mwaka mmoja na kunyweshwa kwa matone. Mvua si tatizo kwa sababu karibu hakuna. Kwa hiyo miti huchanua pamoja, na matunda hukomaa pamoja na huchumwa pamoja.

Murang'a haiko hivyo. Mvua za masika na za vuli huufanya mti mmoja kuchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na tawi moja laweza kubeba matunda yaliyopishana umri kwa miezi. Anayechuma lazima achague tunda kwa tunda. Hesabu ya kontena huonyesha uzito wa kazi hiyo. Kontena la futi 40 hubeba paleti 20 au 21. Kila paleti ya kawaida huwa na katoni 264, na kila katoni ni kilo 4. Paleti 20 ni katoni 5,280, yaani zaidi ya tani 21. Katoni ikiwa na matunda 16, kontena moja lina matunda zaidi ya 84,000. Mti mzuri ukitoa matunda 300 yanayofaa kuuzwa nje, kontena hilo linahitaji miti karibu 280, ambayo kwa wakulima wadogo ni nyumba nyingi na vijiji kadhaa. Inatosha nyumba chache kati ya hizo zichume tunda changa ili mzigo wote uharibikiwe jina.

Kupima kukomaa

Tunda changa na lililokomaa huweza kulingana kwa ukubwa na kwa rangi, na jicho hudanganyika. Kipimo kinachotumiwa duniani ni kiasi cha kitu kikavu kilichobaki baada ya maji kuondolewa kwenye nyama ya tunda. Kadiri parachichi linavyokomaa, maji hupungua na mafuta huongezeka. Kanuni za kimataifa za Codex zinataka Hass iwe na angalau 21% na Fuerte 20%. Kenya, kwa kuwa iliumizwa na sifa ya kupeleka matunda machanga, imekuwa ikidai zaidi: 24% kwa Hass.

Kipimo chenyewe ni kazi ya mkono na subira. Tunda hukatwa katikati na kokwa hutolewa. Nyama hukunwa kwa mbuzi ndogo ya jikoni mpaka iwe kama chicha ya nazi. Gramu 10 huwekwa kwenye kisahani juu ya mizani na kuingizwa katika oveni ya maikrowevu. Baada ya dakika chache kisahani hutolewa na kupimwa, kisha hurudishwa, na kupimwa tena, mpaka uzito ukome kushuka. Mizani ikisimama kwenye gramu 2.4, tunda limefika. Ikisimama kwenye 1.9, hakuna maneno yatakayolikomaza.

Mama mmoja aliyeuza avokado kwa miaka mingi karibu na kivuko cha Likoni hakuwa na oveni wala mizani ya gramu, lakini alikuwa na kipimo chake. Kabla ya kununua gunia alipasua tunda moja na kutazama ngozi inayolifunika kokwa. Ikiwa ni nyeupe na nene, alilirudisha gunia kwa mwenyewe bila kubishana bei. Ikiwa ni ya kahawia na nyembamba kama karatasi, alinunua, akayavundika matunda nyumbani kwa siku kadhaa na kuuza mabivu. Kipimo hicho ni sahihi kisayansi: ngozi ya kokwa hukauka na kuwa kahawia tunda linapokomaa. Katika misimu yote ya kumbukumbu hizi, hakuna gunia alilolikataa ambalo lingepita maabara. Funzo lake ni la kwanza na lenye uzito kuliko mengine: kipimo hufanywa kabla ya pesa kutoka mkononi, si baada.

Kwa upande wa serikali, Mamlaka ya Kilimo na Chakula, kupitia Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, hukagua mashamba na kutangaza msimu. Kwa kawaida uuzaji wa Hass na Fuerte kwa bahari husitishwa mwishoni mwa mwaka, na hufunguliwa tena mwezi Februari au Machi kulingana na ukomavu. Wapo wakulima wanaoona kufungwa huko kuwa ni kuzibiwa riziki, kwa sababu karo za shule hudaiwa Januari na mabroka huja shambani na pesa taslimu. Uchungu wao ni wa haki. Lakini broka anayenunua tunda la Januari hununua kwa bei ya kutupa, na tunda hilo huvunja bei ya Aprili ya mkulima yule yule. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Katika biashara hii mvumilivu pia huuza mbivu.

Kuchuma, kufungasha na kupoza

Tunda la kuuzwa nje halivutwi wala haliangushwi. Hukatwa kwa mkasi na kuachiwa kipande kifupi cha kikonyo, kwa sababu tundu linaloachwa na kikonyo kilichong'oka ni mlango wa ukungu unaooza tunda likiwa baharini. Lililo juu huchumwa kwa ufito mrefu wenye kisu na mfuko. Lililogusa ardhi huwekwa kando. Kreti hukaa kivulini, na safari ya kwenda kiwandani hufanywa siku ile ile.

Kiwandani matunda husafishwa, hupigwa brashi, huchaguliwa na kupangwa kwa uzito. Namba ya katoni ni hesabu ya matunda yaliyomo: namba 12 ni makubwa, namba 24 ni madogo, na namba 16 ni ya gramu 250 hivi kila moja. Yenye makovu, yaliyoumwa na wadudu au madogo mno hubaki kwa soko la ndani au hupelekwa kukamuliwa mafuta. Kisha paleti huingizwa katika chumba cha baridi na kupulizwa hewa mpaka joto la ndani ya nyama lishuke na kufika nyuzi 5 hadi 7 za Selsiasi.

Neno ndani ya nyama lina maana yake. Kontena la baridi, ambalo watu wa bandarini huliita rifa, limeundwa kutunza baridi iliyopo, si kupoza mzigo wenye joto. Tunda likiingia likiwa na nyuzi 18, mashine itafanya kazi siku nyingi bila kulifikisha panapotakiwa, na katika siku hizo kuiva huwa kumeanza. Ndiyo maana karani makini hakutosheka na namba iliyoandikwa kwenye mlango wa rifa. Alichukua kipimajoto chenye sindano, akatoboa tunda moja la katoni ya katikati, na kuandika alichokiona.

Barabara ya Mombasa

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi. Lori lililobeba rifa hubeba pia jenereta yake, inayoitwa jenseti, ili mashine ya baridi isizime. Njiani kuna mizani ya Mlolongo na ya Mariakani, na kati yake kuna Mtito Andei na Voi, ambako joto la mchana huunguza bati la kontena. Tangu Januari 2018 reli ya kisasa hubeba makontena pia kati ya Mombasa na Nairobi.

Msimu mmoja, rifa moja ilifika bandarini ikiwa na karatasi zote safi. Ilipofunguliwa kwa ukaguzi, paleti mbili za mlangoni zilikuwa na matunda yanayobonyea kwa kidole. Kifaa cha kurekodi joto kilichowekwa ndani ya mzigo kilitoa ushahidi: kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri joto lilikuwa limepanda bila kukoma. Dereva alikuwa amelala njiani na kuizima jenseti ili kubakiza dizeli. Alichookoa ni lita chache. Kilichopotea ni paleti mbili na nafasi ya meli. Hakuna aliyekuwa amemweleza dereva huyo kwamba ndani ya bati lile kulikuwa na vitu vilivyo hai vinavyopumua. Tangu msimu huo kila dereva alielezwa, kwa maneno na kwa kufunguliwa mlango ajionee, naye alitia sahihi yake kwenye karatasi ya joto kama mtu mwenye dhamana. Hasara ya namna hiyo haikurudi tena.

Bandarini

Katika Bandari ya Mombasa, inayoendeshwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, rifa huchomekwa kwenye umeme ikisubiri meli. Hapo hati huwa na uzito sawa na matunda. Shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, hutoa cheti kwamba mzigo hauna wadudu na maradhi yanayokatazwa na nchi unakokwenda. Forodha ya Mamlaka ya Mapato hupitisha tamko la mauzo. Cheti cha asili ya bidhaa huthibitisha kwamba tunda ni la Kenya. Mwenye meli hutoa hati ya shehena, ambayo ndiyo ufunguo wa mzigo: aliye nayo ndiye mwenye haki ya kuupokea. Wanunuzi wengi wa Ulaya hudai pia cheti cha GLOBALG.A.P. kuhusu jinsi shamba lilivyotunzwa, na mabaki ya dawa za wadudu lazima yawe chini ya viwango vya Umoja wa Ulaya.

Mdudu mmoja anaeleza kwa nini cheti cha KEPHIS si karatasi tu. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeitwa wakati huo Bactrocera invadens, aliripotiwa nchini Kenya, ikiwa ni mara ya kwanza barani Afrika. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilifunga mlango kwa maparachichi ya Kenya kwa ajili yake. China nayo ilikubali mwaka 2019 kupokea matunda yaliyomenywa na kugandishwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri tu, sharti ambalo wasafirishaji wachache waliweza kulitimiza. Mkataba wa kupeleka matunda mabichi China ulitiwa sahihi mjini Mombasa Januari 2022, waziri wa mambo ya nje wa China, Wang Yi, alipozuru mji huo, na shehena ya kwanza iliondoka mwezi Agosti mwaka huo. Miaka 15 ilipita kati ya mlango uliofungwa na ule uliofunguliwa.

Kosa la herufi katika hati hugharimu kama kosa la baridi. Namba ya kontena huwa na herufi nne na tarakimu saba. Tarakimu moja ikiandikwa vibaya katika cheti, afisa wa bandari ya upande wa pili ana haki ya kukataa mzigo mpaka cheti kipya kifike. Karani aliyesimama mbele ya rifa na kusoma namba kwa sauti, mwenziwe akifuata kwa kidole kwenye karatasi, alionekana kuchelewesha kazi. Hakuwahi kurudishiwa cheti.

Baharini

Ndani ya rifa tunda huendelea kupumua. Hewa ya kawaida ina oksijeni 21%. Katika makontena ya hewa iliyodhibitiwa hupunguzwa hadi 4% hivi, na kabonidayoksaidi huachwa ipande hadi karibu 6%. Hivyo tunda hulala usingizi mzito. Joto likishuka mno, nyama hugeuka kijivu kwa kuumia baridi. Likipanda, tunda huamka na kuanza kutoa ethilini, gesi inayoyaivisha na yale ya jirani.

Kwa njia ya Bahari ya Shamu na mfereji wa Suez, safari ya kutoka Mombasa hadi bandari za Uholanzi ilichukua takriban wiki nne, mara nyingi mzigo ukihamishwa meli njiani, kwa mfano Salalah, Omani. Njia hiyo imetikiswa mara mbili katika miaka ya karibuni. Machi 2021 meli Ever Given ilikwama ikaziba mfereji kwa siku sita. Kisha, tangu Novemba 2023, mashambulizi dhidi ya meli karibu na Bab el-Mandeb yalizifanya kampuni kubwa za meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikaongezeka kwa wiki mbili au zaidi.

Wiki mbili hizo zilifichua kila uzembe uliokuwa ukisitirika. Tunda lililochumwa vizuri, likapozwa siku ile ile na kulala katika hewa iliyodhibitiwa, lilifika likiwa gumu hata baada ya siku 40. Lile ambalo awali liliponea chupuchupu kwa safari ya wiki nne sasa lilifika likiwa laini, lenye ukungu kwenye tundu la kikonyo. Bahari ni ile ile kwa wote. Tofauti ilikuwa imeshatengenezwa Murang'a.

Soko na mshindani wake

Uholanzi, Ufaransa, Uhispania na Umoja wa Falme za Kiarabu ni miongoni mwa wanunuzi wakuu wa maparachichi ya Kenya. Mwaka 2023 Kenya ilisafirisha zaidi ya tani laki moja, ikiongoza Afrika. Peru husafirisha zaidi ya tani laki tano za Hass kwa mwaka, na kilele cha mavuno yake ni kati ya Mei na Julai, katikati kabisa ya msimu wa Kenya. Meli za Peru zinapojaa Rotterdam, bei hushuka kwa wote. Katika Asia pia ushindani umeongezeka: Novemba 2024 Peru ilizindua bandari mpya ya Chancay, ambayo imefupisha safari ya kwenda Shanghai hadi siku 23 hivi.

Nafasi ya Kenya ni wiki zile za mwanzo, Machi na Aprili, kabla Peru haijafurika sokoni. Na hapo ndipo mtego ulipo. Tamaa ya kuwahi nafasi hiyo ndiyo inayomsukuma mtu kuchuma tunda la 19% na kulifungasha na la 25%. Mnunuzi wa Ulaya akipata katoni moja yenye matunda ya mpira, hupunguza bei ya jina zima la Kenya, na punguzo hilo hulipwa na mkulima mwaminifu wa Kandara, Murang'a, asiyejua kosa lilitokea wapi. Hakuna njia ya kuishinda Peru kwa wingi wa matunda wala kwa ukubwa wa mashamba. Iliyobaki ni kuishinda kwa uaminifu wa tunda lenyewe.

Mali kauli

Sehemu kubwa ya biashara hii huendeshwa kwa mtindo ambao wafanyabiashara wa Pwani wameujua kwa karne nyingi: mali kauli. Mzigo hutolewa kwa neno, na malipo huja baada ya kuuzwa. Mnunuzi wa ng'ambo hupokea matunda, huyauza kwa bei ya soko la siku hiyo, hutoa nauli ya meli, gharama za ghala, za kuchagua upya na kamisheni yake, kisha hutuma kilichobaki. Hatari yote hubaki kwa mwenye tunda. Njia nyingine ni bei iliyokubaliwa kabla, au kiwango cha chini kilichohakikishwa, na malipo ya awali hati ya shehena inapotoka.

Msimu mmoja mgumu, msafirishaji mdogo aliyehudumiwa na karani huyo wa Timbwani alipeleka kontena la katoni 5,280 kwa mali kauli, kwa mnunuzi aliyemjua kwa simu tu. Meli ilichelewa. Mwezi mmoja na nusu baadaye ilikuja karatasi ya hesabu ya ukurasa mmoja: katoni kadhaa zimetupwa, nyingine zimeuzwa kwa bei ya chini, gharama hizi na hizi zimetolewa. Chini kabisa, palipotarajiwa malipo, palikuwa na alama ya kutoa. Aliyepeleka matunda 84,000 alikuwa anadaiwa. Na alipotaka kubisha, hakuwa na la kushika mkononi: hapakuwa na picha za mzigo ulipopakiwa, hapakuwa na rekodi ya joto, wala mkataba wa ukaguzi wa mtu wa tatu mzigo unapofika. Wakulima wake walisubiri malipo yao mpaka alipouza gari lake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msimu uliofuata alisafirisha makontena machache zaidi, lakini kila moja lilikuwa na bei ya chini iliyoandikwa, malipo ya awali, kifaa cha kurekodi joto, picha za kila paleti na kipengele kinachodai mkaguzi huru upande wa pili ndani ya saa 24 tangu mlango kufunguliwa. Hakupata faida kubwa. Alilipa wakulima wote kwa wakati, nao wakamngojea mwaka uliofuata wakiwakataa mabroka wa Januari.

Kilichothibitika

Misimu hiyo yote imethibitisha mambo machache. Kukomaa hupimwa mtini, kabla ya bei kukubaliwa. Baridi huanza saa ya kuchuma, na kila mkono unaoshika mzigo, wa mchumaji, wa dereva au wa karani, lazima ujue kwamba umeshika kitu kilicho hai. Hati husomwa kwa sauti. Mali kauli bila bei ya chini na bila ushahidi ni kamari, na anayeipoteza kamari hiyo mara nyingi ni mkulima ambaye hakuicheza.

Kontena halilitengenezi tunda, wala meli hailikomazi. Vyote viwili huhifadhi tu kile kilichochumwa. Kwa yeyote anayekusudia kuingia katika biashara hii, awe Kandara au Likoni, ombi ni moja: nunua mizani ya gramu kabla ya kununua tunda, na siku kipimo kitakapokuambia bado, mwache mkulima na mti wake, urudi baada ya wiki mbili.